Gari inayokataa kuwaka ikiwa moto, ikamate ikiwa bado moto

Kuna ugonjwa wa gari unaochosha watu kuliko hata kuunguza gesketi, na kinachochosha ni vile unavyojificha. Asubuhi unagusa tu ufunguo injini inaitika, unaendesha hadi unakoenda bila shida, unazima, unashuka unakula rolex yako, ile chapati ya mayai, na chai, unarudi baada ya dakika 20 hivi, unapiga stata weee, hakuna. Inazunguka vizuri lakini haishiki. Unampigia makanika, anakwambia niko njiani boss, anapanda boda, anafika baada ya saa nzima, anazungusha ufunguo mara moja gari inawaka. Anasema mbona iko sawa, unamlipa nauli ya boda mnaachana, na kesho saa nane mchana uko palepale.

Naandika hii kwa sababu naona watu wanamaliza pesa kwa ugonjwa huu. Wananunua pampu ya mafuta, wananunua plagi, wananunua betri, mwisho wanauza gari kwa bei ya kutupa, na kilichokuwa kinasumbua ni kitu kidogo ambacho kingejulikana haraka sana kama mtu angepima wakati gari imekataa. Msimamo wangu ni huo na sitautoa: usinunue kifaa chochote kabla gari haijapimwa ikiwa moto na ikiwa imegoma. Ikishapoa ushahidi umeondoka, kila kitu unachokigusa kinapima sawa, na hapo ndipo kubahatisha kunaanza.

Mimi nafanya speshali hire, teksi ya kukodi, hapa Tororo na Kikumi, ile Corolla AE100 ambayo Uganda nzima tunaiita hivyo, injini 5A-FE, sisi 1500, ina injekta nne za kupuliza petroli na distributa ya kugawa moto kwenye plagi. Kazi yetu yote ni kuzima na kuwasha. Abiria anakwambia dereva ningoje hapa dakika kidogo, anaingia benki, anaingia kliniki, anaingia sokoni, na ule muda anaochukua ndio muda mbaya kabisa kwa gari ya namna hii. Kwa hiyo nimelazimika kuuelewa huu ugonjwa vizuri, na mengi nimejifunza kwa mzee mmoja makanika pale Malaba ambaye hashiki spana mpaka amekuuliza maswali, ukiwa na haraka atakwambia nenda kwa mwingine.

Kwanza elewa kwa nini ni zile dakika 15 mpaka 30 na si tano wala saa mbili. Injini ikiwa inatembea, pampu inazungusha maji, feni inapuliza, upepo unapita kwenye redieta, joto la maji linakaa kama digrii 80 mpaka 95. Ukizima vyote vinasimama pamoja, lakini chuma cha injini bado kina moto wake wote na unapanda juu kwenye vitu vilivyo chini ya boneti, reli ya injekta (bomba linalozigawia petroli), distributa, koili inayotengeneza cheche, waya, sensa, na hivyo vitu vinapata joto kuliko wakati ulipokuwa unatembea. Ukiwasha baada ya dakika tatu, joto bado halijavifikia, inawaka. Ukiwasha baada ya saa mbili, limeshatoka, inawaka. Katikati hapo ndipo inapokushika. Na huku kwetu ukitoka Mbale ukapita Kumi kwenda Soroti mwezi wa pili, jua lile na lami ile, hata hewa inayoingia kupoza haina ubaridi wa kutosha.

Sasa gari imegoma, iko moto, uko barabarani. Fungua boneti lakini usianze kuvuta waya. Swali la kwanza ambalo mzee wa Malaba anauliza kila mtu ni moja: stata inazunguka au haizunguki? Watu wanasema tu gari haiwaki, na hizo ni kesi mbili tofauti kabisa ambazo hazina undugu. Kama inasema tek halafu kimya, au inazunguka kwa uvivu kama betri imekufa na asubuhi ilikuwa na nguvu, basi achana na mafuta na plagi kabisa, tatizo ni stata yenyewe au umeme unaoifikia. Kwenye stata nyingi za Toyota za miaka ile vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi, ile swichi kubwa ya stata, vinalika, vikipata joto vinakataa kugusana sawasawa. Chukua multimita, ile mita ya kupima umeme, pima betri wakati mtu anapiga stata, ikishuka chini ya volti 9.6 betri yenyewe au terminali zake ziangaliwe. Halafu weka waya mmoja wa mita kwenye negativu ya betri na mwingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata tena, ukiona zaidi ya nusu volti ule waya wa athi umechoka, na waya wa athi ni kitu cha bei ndogo ambacho kimefanya stata nzima nyingi zitupwe bure. Hapo kesi ya stata imeisha, siendelei nayo.

Kesi ngumu ni ile inazunguka vizuri, haraka, na haishiki. Hapo unataka kujua vitu viwili tu, kuna moto wa plagi, yaani cheche? kuna petroli? Na ujue haraka kwa sababu kila dakika inayopita inapoa.

Moto wa plagi unaujua kwa plagi moja ya zamani ambayo unaiweka kwenye buti la gari na haitoki humo. Chomoa waya wa plagi moja, vika hiyo ya zamani, iegemeze chuma chake kwenye injini mbali na harufu yoyote ya petroli, usiishike kwa mkono, mtu apige stata. Cheche ya bluu yenye sauti ni nzuri. Hakuna cheche, au ya njano dhaifu, umeshapata upande wa kutafuta. Petroli unaijua kwa kufungua plagi moja na kuitazama, imelowa au imekauka, na kwa kusikiliza injekta, weka bisibisi ndefu, ncha kwenye injekta mpini kwenye sikio, wakati stata inazunguka utasikia tik tik tik. Angalia tu nywele na nguo zisikaribie feni na mikanda.

Hapa sasa ndipo pazuri. Ukikuta cheche hakuna NA injekta hazilii, vyote viwili vimepotea kwa wakati mmoja, usifikirie kwamba vitu viwili vimekufa pamoja. Kuna kitu kimoja nyuma yao. Ndani ya distributa za hizi injini kuna koili ndogo za waya mwembamba sana, wengine tunaziita pikapu, zinasoma meno yanayozunguka na kuiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na pistoni iko wapi. Kompyuta isipopata hiyo taarifa inaona injini imesimama, kwa hiyo haitoi cheche wala haifungui injekta, utapiga stata mpaka betri iishe. Waya wa shaba ukipata joto ukinzani wake unapanda, kutoka digrii 20 mpaka 100 unapanda karibu asilimia 30, hiyo ni kawaida na ndio maana kitabu cha mafundi cha Toyota kinatoa vipimo viwili vya hizo koili, cha baridi na cha moto. Kisicho kawaida ni koili yenye umri wa miaka 30 ambayo waya wake umepasuka kidogo mahali, ikipata joto inatanuka panaachana, ikipoa panashikana tena. Ukiipima asubuhi ni nzima kabisa! Kila mtu ataapa ni nzima.

Kikumi yangu ilikuwa na hiyo hiyo. Ilinigomea Kumi, abiria amekwenda kununua machungwa, na bahati nzuri mita nilikuwa nayo ndani ya gari, nikachomoa plagi ya waya ya distributa nikapima, koili moja inasoma na nyingine mita haionyeshi kitu, waya umekatika. Nikalowesha kitambaa nikakikamua vizuri nikakifunga nje ya distributa, nikakaa, baada ya muda namba zikarudi kwenye mita, mia kadhaa za omu, kipimo cha ukinzani, nikarudisha plagi ya waya, gari ikawaka. Hapo hakuna cha kubishana tena, nilijua cha kununua kabla sijafika nyumbani. Distributa nzima ya mitumba ikafungwa, taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, ikarekebishwa, na ule ugonjwa ukaisha.

Hiyo ya kitambaa naipenda sana lakini ina masharti. Poza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kitambaa kikamuliwe, maji yasidondoke kwenye umeme, na usimwage maji baridi kwenye bloku au hedi ya moto hata siku moja, chuma kinaweza kupasuka. Anza na kile unachokishuku zaidi, kwa sababu ukipoza cha tano tayari gari nzima imepoa na jibu utakalopata halina maana.

Ignaita, kile kiboksi kinachowasha na kuzima koili ya moto, kina tabia hiyo hiyo ya kufa kikiwa moto, na koili yenyewe pia. Na wakati mwingine ignaita ikifa kompyuta inakata injekta pia ili petroli isijae bure kwenye silinda, kwa hiyo unaweza kuona dalili sawa na ile ya pikapu. Kinachotenganisha ni kodi, yaani namba ya hitilafu ambayo kompyuta inaiweka kwenye kumbukumbu. Hizi Toyota za zamani hazihitaji skana. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, fungua kifuniko chake utaona tundu zina majina ndani ya kifuniko, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua ufunguo bila kuwasha, halafu hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa haraka bila kukoma kwa mpangilio mmoja hakuna kodi. Ikipepesa mara moja, ikanyamaza kidogo, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 12, kompyuta haikupata taarifa ya mzunguko wakati stata inapigwa, kesi ya pikapu na waya zake. 14 ni upande wa ignaita. 22 ni sensa ya joto la maji, naifikia sasa hivi.

Na hizo kodi zinabaki kwenye kumbukumbu hata gari ikipoa, ndio ushahidi pekee ambao haukimbii. Sasa makanika wengi wakifika kitu cha kwanza wanachofanya ni kuchomoa betri, ati wairisetie kompyuta, na hapo wamefuta kila kitu. Tafadhali mkataze. Mwambie mzee subiri, tusome kwanza halafu utachomoa.

Tukienda upande mwingine, cheche ipo nzuri, injekta zinalia, na plagi ukiifungua imelowa petroli inanuka. Gari imelishwa kupita kiasi. Wa kwanza kushukiwa ni sensa ya joto la maji ya kompyuta. Kazi yake ni kuiambia kompyuta injini ina joto gani ili ijue imwage petroli kiasi gani, baridi nyingi, moto kidogo. Sensa ikidanganya kwamba ni baridi wakati injini ina digrii 90, kompyuta inamwaga petroli ya asubuhi ya Kabale kwenye baridi kwenye injini ya mchana wa Soroti, inafurika. Mtu anakanyaga akseleta mpaka chini akipiga stata, hewa inaingia, mwisho inashika kwa shida na moshi mweusi nyuma. Ukiona hivyo, na mafuta pia siku hizi yanaisha haraka, ipime hiyo sensa kabla ya kitu kingine.

Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu wanaangalia geji ya dashibodi wanasema joto linasoma sawa. Geji ina sensa yake nyingine kabisa, ile yenye waya mmoja. Ya kompyuta ina waya mbili. Moja inaweza kuwa nzima na nyingine imekufa. Na jambo la pili, kodi 22 inakuja tu kama sensa imekatika au imepiga shoti. Sensa inayosoma uongo ulio ndani ya mipaka, inasema digrii 20 wakati ni 90, kompyuta inaiamini na taa haiwaki kamwe. Kwa hiyo kukosa kodi hakuisafishi.

Kipimo chake barabarani ni rahisi mpaka raha. Gari imegoma ikiwa moto, chomoa plagi ya waya ya hiyo sensa. Kompyuta ikiona haipo inatumia namba yake ya akiba, digrii 80 kwenye hizi Toyota, ambayo ni karibu kabisa na ukweli wa wakati huo. Kanyaga akseleta kukausha petroli iliyojaa, piga stata. Ikiwaka vizuri, na ukirudia siku nyingine inawaka tena, sensa ndiyo mwizi. Taa ya injini itawaka kwa sababu umechomoa, baadaye rudisha waya, gari ikiwa imezimwa chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde kadhaa, itafutika. Dereva mwenzangu wa hapa stejini alikuwa ameshauziwa injekta nne za mitumba kwa ugonjwa huu, na sensa yake tulipoipima ikiwa moto ilikuwa bado inasoma zaidi ya 2,000 omu. Sensa nzima inatakiwa isome kama 2,000 mpaka 3,000 kwenye digrii 20, na kwenye digrii 80 ishuke mpaka 200 hadi 400. Iliniuma kuona pesa ya mtu imekwenda hivyo, jamaa ana watoto shuleni.

Plagi ikiwa imelowa na sensa ni nzima, vuta ile hosi ndogo ya vakyumu inayoingia kwenye regulata ya prezha ya mafuta, kile kidude kinachoshikilia prezha ya petroli kwenye reli; vakyumu ni mnyonyo wa hewa wa injini. Ukikuta petroli ndani ya hosi, diaframu, ile ngozi ya ndani ya regulata, imetoboka na injini inanyonya petroli mbichi kupitia hapo. Badilisha, hakuna mjadala. Au injekta moja inavuja, inadondosha kidogo kidogo gari ikiwa imezimwa.

Halafu kuna ile ya tatu, cheche ipo, plagi zimekauka, au gari inawaka lakini inatetemeka na kukohoa sekunde kadhaa ndipo inakaa sawa. Hiyo ni prezha ya mafuta inayopotea ukizima. Petroli ni mchanganyiko, sehemu zake nyepesi zinaanza kuchemka hata chini ya digrii 40 kama hakuna prezha, na reli ya injekta ikikaa juu ya injini ya moto inapita hapo mbali sana. Kinachoizuia isichemke ni prezha iliyofungiwa mle ndani baada ya kuzima, kama soda ambayo haijafunguliwa, haitoi mapovu mpaka ulegeze kifuniko. Prezha ikivuja, reli inajaa mvuke, ukipiga stata injekta zinapuliza mvuke badala ya petroli. Ndio maana pia sehemu za juu kama Kabale, karibu mita 2,000, ambako prezha ya hewa ni ndogo, petroli inachemka mapema zaidi kuliko kule chini Pakwach, ingawa Pakwach ina joto zaidi, kwa hiyo kila sehemu ina shida yake.

Kwenye Kikumi kuna jambo la kujua. Wenye gari za Ulaya watakushauri fungua ufunguo mara tatu usikie pampu ikisema zzz kabla ya kuwasha. Toyota nyingi za enzi hizo pampu haifanyi kazi ukifungua ufunguo tu, inaanza pale stata inapozunguka. Kwa hiyo tumia kile kiboksi cha DIAGNOSIS tena, unganisha B+ na FP, ufunguo ukiwa wazi, pampu itazunguka, iache sekunde kama 10 petroli mpya kutoka tangini ipite kwenye reli isukume mvuke wote urudi tangini, ondoa waya, piga stata. Ikiwaka hapohapo kama asubuhi, umeshajua ni prezha iliyovuja.

Inavujia wapi, hapo sasa unahitaji geji ya prezha ya mafuta na sehemu tulivu, si kando ya barabara. Kwa injini hizi, hosi ya vakyumu ikiwa imetolewa, inatakiwa isome psi (kipimo cha prezha) 38 mpaka 44, na ukizima ibaki juu ya psi 21 kwa dakika 5. Ikianguka haraka, ipandishe tena, bana hosi ya kurudi tangini kwa klampu laini ya hosi, si koleo. Ikikaa, ni regulata. Ikianguka bado, bana ya kuja kutoka tangini, ikikaa ni valvu ndogo ya ndani ya pampu. Zote mbili zimebanwa na bado inaanguka, injekta. Fanya hii injini ikiwa imepoa wakati wa kufunga geji, shusha prezha kwanza kabla ya kufungua nati yoyote, kizima moto kiwe mkononi mwa mtu, na anayevuta sigara aende mbali kabisa. Petroli inayoruka kwa psi 40 juu ya eksoza ya moto inachoma gari na mtu, nasema hivyo bila kutia chumvi.

Injini kadhaa za Toyota za wakati ule zina hata valvu maalumu ya umeme ambayo ukiwasha ikiwa moto inaikatia regulata vakyumu ili prezha ipande kwa muda. Waliotengeneza walilijua hili joto tangu mwanzo. Ukiona hosi zake zimefungwa kwa msumari, na nimeona, rudisha.

Na sisi wa speshali hire tuna tabia moja inayoongeza ugonjwa, kununua mafuta ya shilingi elfu kumi kumi. Tangi liko karibu tupu siku nzima. Pampu ya ndani ya tangi inapozwa na petroli inayoizunguka, na hizi gari petroli isiyotumika inarudi tangini ikiwa imebeba joto la injini, kwa hiyo petroli kidogo inazunguka ileile ikizidi kuwa moto mpaka jioni. Najua pesa haitoshi, naishi hayo maisha. Lakini ukiweza kukaa na robo tangi na usishuke chini yake, pampu itakushukuru.

Kitu kinachonikera kweli ni kutoa termostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate joto. Gari ikiwa na shida yoyote ya joto, jibu ni toa termostati. Sasa ukiitoa injini haifiki joto lake barabarani, kompyuta inaamini ni baridi wakati wote, inamwaga petroli, plagi zinapata masizi, na ile dakika 20 baada ya kuzima bado joto linapanda vilevile kwa sababu pampu ya maji imesimama. Umeongeza ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Kama gari inachemsha, tibu redieta na feni. Kufungua boneti ukiegesha inasaidia kidogo, mimi naifungua, lakini hiyo ni kupunguza makali tu.

Gari nyingine kwa haraka. Honda za miaka ya 90 zinajulikana kwa rilei kuu ya mafuta, swichi ya umeme iliyo ndani upande wa dereva, risasi ya kuchomelea waya ndani yake inapasuka, gari ikikaa juani inagoma, ukifungua vioo ikapoa inawaka, inachomelewa upya. Subaru na nyingine zisizo na distributa, fikiria sensa ya krenki, inayosoma shafti ya injini ikizunguka, tabia yake ni ileile ya pikapu. Benz za zamani zenye K-Jetronic ya Bosch, mfumo wa kupuliza petroli uliotoka mwaka 1973, zina chupa ya kuhifadhi prezha karibu na pampu, ikifa ndio unaona zinagoma zikiwa moto. Na gari yoyote inayogoma hasa baada ya kujaza mafuta, nje ya hapo hapana, angalia valvu ya mvuke wa tangi, huenda imekwama wazi.

Ukishajua kifaa, sasa nenda kanunue. Kama unakwenda Kisekka, soko la spea kule Kampala, au kwa wauza mitumba wa hapa, beba mita. Sensa ya joto la maji ipimie palepale dukani, mama wa chai hakosekani jirani, omba kikombe cha maji ya moto, pima kabla, chovya ncha yake, angalia omu zinashuka vizuri bila kurukaruka. Pikapu na ignaita huwezi kupima kwa kikombe, kwa hizo kubaliana na muuzaji kwa maneno yaliyo wazi, naifunga, naendesha, nazima dakika 20, nawasha, ikigoma naleta leo leo. Asiyekubali hayo, hamia duka la pili.